Moto wa kiangazi unamaliza malisho Dodoma

Mhariri,

Kila kiangazi nyanda za malisho za Kongwa na Chamwino huchomwa, eti moto unaleta majani mapya. Machipukizi yale hutoka kwenye akiba ya chakula iliyo shinani na mizizini. Ng'ombe akiyawahi, akiba huisha na shina hufa.

Nyasi huvuta kabonidaioksaidi hewani na, kwa nguvu ya jua, hutengeneza sukari. Karibu nusu ya uzito wa nyasi kavu ni kaboni. Kaboni nyingi hushuka mizizini. Mizizi ikioza, sehemu ya kaboni hiyo hubaki udongoni miaka mingi na kusaidia kushika maji. Kwa mkoa wenye msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili, hilo si jambo dogo. Ng'ombe naye hunufaika na sehemu ndogo tu ya nishati aliyokula. Nyingine huishia kwenye samadi, joto la mwili na gesi ya methani anayocheua.

Moto hurudisha kaboni ya majani angani kwa saa chache. Naitrojeni, kirutubisho cha mimea, nayo huenda na moshi. Udongo ulio wazi hupigwa na mvua ya kwanza, hugandamana juu, na maji hukimbilia makorongoni. Moto una kazi yake ya kuzuia vichaka, ila si huu wa Septemba usio na mwenyewe.

Wafugaji, badala ya kuchoma, vuneni majani yanapoanza kuchanua, mkiacha sentimita 10 za shina. Yaanikeni na kuyageuza hadi yakauke. Yakifungwa mabichi hupata joto na ukungu.

Wadau wa malisho,
Kongwa, Dodoma