Barua kwa mwanangu, kabla mkeo hajajifungua

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka hapa Jinja. Mama yako hajambo, nami magoti bado yananisumbua, ila sikuandikii kwa ajili ya magoti. Jumapili mkeo alipopiga simu kutoka Arua, alisema uso umemvimba kwa sababu aliteleza bafuni. Mama yako alipokata simu alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akanikumbusha kwamba yeye pia aliwahi kuwaambia majirani kuwa ameteleza bafuni, ilhali nyumba yetu ya kambini haikuwa na bafu. Usimlaumu mkeo, kwa maana hakukusema. Ni mama yako aliyeutambua uongo alioutumia mwenyewe.

Wakati huo wewe ulikuwa tumboni, mimba ya miezi saba. Nilirudi kutoka kantini nimejaa waragi, nikamsukuma, naye akaangukia tumbo kwenye ukingo wa kitanda cha chuma. Alianza kutokwa damu kabla ya alfajiri. Mkunga alinieleza, bila kunitazama, kwamba pigo la tumboni huweza kulibandua kondo la nyuma kutoka kwenye ukuta wa mji wa mimba, mama akavuja damu na mtoto akakosa hewa. Ulizaliwa siku hiyohiyo, mdogo mno, ukakaa wiki kadhaa umefungwa kwa leso kifuani mwake.

Kwa miaka mingi nilisingizia pombe. Ni kweli kwamba watafiti waliofanya kazi Rakai, wilaya ya hapa kwetu Uganda, katika ripoti yao ya mwaka 2003, waliona kuwa wanawake ambao waume zao hunywa pombe mara kwa mara kabla ya kukutana nao kimwili walikabiliwa na hatari ya kupigwa karibu mara tano zaidi ya wale ambao waume zao hawanywi kabla ya tendo hilo. Lakini wenzangu wengi pale kantini walikunywa na hawakumgusa mtu. Mimi nilikuwa na zaidi ya chupa: mimba hatukuipanga, mshahara ulichelewa, nilimwonea wivu hadi nikatilia shaka kwamba wewe ni wangu, na nilikuwa nimekua nikimwona baba yangu akipiga. Wewe nawe ulikua ukiniona mimi, na hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwa kuwa mwanamke aliyekwisha kupigwa kabla ya mimba ndiye aliye hatarini zaidi kupigwa akiwa nayo, tumbo halimkingi.

Kwa sheria ya mwaka 2010 kuhusu ukatili wa majumbani, mkeo anaweza kukushtaki hata kwenye mahakama ya baraza la kijiji. Akifanya hivyo, nitakuja kuketi upande wake.

Mama yako atapanda basi Alhamisi. Mkeo akichagua kurudi naye hadi ajifungue, mpe kadi yake ya kliniki, umbebee mzigo hadi stendi.

Ni mimi baba yako.