Malalamiko Kuhusu Nguo za Kulalia za Watoto Wachanga Zenye Kamba Shingoni na Nyuzi Zilizoachwa Ndani

Mombasa

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Bwana/Bibi,

KUH: SETI YA NGUO ZA KULALIA ZA MTOTO WA MIEZI 0 HADI 3

Naandika kulalamikia seti ya nguo za kulalia za watoto wachanga inayouzwa katika maduka yenu, ile iliyo ndani ya boksi lenye picha ya mtoto aliyelala. Mjukuu wangu alinunuliwa seti hiyo na shangazi yake, ikawa zawadi yake ya arobaini. Ndani yake mna rompa mbili, yaani nguo za kipande kimoja za kufunika mwili mzima, na glavu za mikono, na bei yake ilikuwa shilingi 2,450. Risiti ipo, boksi lipo, na nguo zenyewe zipo. Dukani nilipopiga simu nilijibiwa kwamba mtindo huo unapendwa sana na hakuna mteja mwingine aliyelalamika. Jibu hilo halikuniridhisha, na ninaamini halitakuridhisha wewe pia ukishasoma yaliyotokea.

Mimi ni fundi wa nguo. Nashona sare za shule na nguo za watoto, na kazi hii ndiyo inayonilisha. Haya ninayoyasema nayasema baada ya kuzipindua nguo zenu ndani nje na kuzikagua mshono kwa mshono.

Nianze na miguu. Rompa zenu zina miguu iliyozibwa kama soksi, na juu ya kila mguu kumedariziwa uso wa dubu. Kwa nje dubu huyo anapendeza. Kwa ndani, pale pale vidole vya mtoto vinapokaa, mashine imeacha nyuzi ndefu zinazovuka kutoka jicho moja la dubu hadi jingine, hazikukatwa wala kufunikwa. Pembeni, mshono wa ovaloki, ule unaozuia ukingo wa kitambaa kufumuka, haukufungwa mwisho wake, kwa hivyo mkia wa uzi unaning'inia ndani ya mguu.

Usiku mmoja mtoto alilia kilio ambacho hakikunyamazishwa na titi wala kubembelezwa. Binti yangu alimbadilisha nepi, akamsugua tumbo akidhani ni mchango. Mtoto hakunyamaza. Tulipomvua rompa ndipo tukaona: uzi ulikuwa umezunguka kidole cha pili cha mguu wa kushoto ukakaza, na kuanzia hapo hadi kwenye ukucha kidole kilikuwa kimevimba na kugeuka rangi ya zambarau. Uzi wenyewe ulikuwa umezama kwenye ngozi, hauonekani mpaka utanue nyama kwa vidole. Binti yangu alimulika kwa tochi ya simu, nami nikaukata kwa kisu kidogo ninachofumulia mishono. Mikono hii imefumua mishono isiyo na idadi, lakini usiku ule ilitetemeka.

Kulipokucha tulimpeleka kliniki. Daktari alikikagua kidole, akaona damu imerudi vizuri. Akatueleza kwamba jambo hilo linajulikana kwa madaktari wa watoto, na kwamba uzi wa soksi, uzi wa glavu na hata unywele wa mama ulioangukia ndani ya nguo unaweza kulifanya. Ukikaa bila kugunduliwa, damu hukatika na mtoto anaweza kupoteza kidole. Mtoto wa umri huo hana namna ya kusema panapomuuma, na mguu uliofunikwa hauonekani. Glavu zenu nazo nimezipindua, na hali ni ile ile.

Kuzuia jambo hili hakuhitaji mtambo mpya. Fundi anayejua kazi hukata nyuzi hizo, kisha hubandika kitambaa laini nyuma ya darizi ili ngozi ya mtoto isiguse uzi. Ni kazi ndogo. Na kama kiwanda hakiwezi kuifanya kwa kila pea, basi mguu wa mtoto usidariziwe.

Jambo la pili ni kamba. Rompa moja ina kofia iliyoungwa kwenye kola, na ndani ya pindo la kofia hiyo mmepitisha kamba ya kuvuta, yenye fundo na ushanga wa mbao kila ncha. Nimeipima kwa tepu: inatokeza sentimita 20 kila upande wa shingo. Hii ni nguo ya kulalia, ya kuvaliwa usiku kucha wakati mama amesinzia. Kamba inaweza kunasa kwenye ukingo wa kitanda cha mtoto au kwenye chandarua, na mtoto akijivuta ikamkaba. Kiwango cha Ulaya cha EN 14682 hakiruhusu kamba ya aina hii kwenye kofia wala shingo ya nguo za watoto wadogo wasiofika miaka 7. Marekani ilitoa mwongozo dhidi ya kamba za kofia na shingo kwenye nguo za nje za watoto mwaka wa 1996, baada ya watoto kunyongwa na kamba zilizonasa kwenye vitelezi vya kuchezea. Mkiitazama kamba hiyo kwa jicho la mwanamitindo mnaona pambo. Kwa mtoto asiyeweza hata kujinasua ni kitanzi. Ushanga nao ni mdogo kiasi cha kuingia kooni, na mmoja ulichomoka nilipouvuta bila kutumia nguvu.

Kofia yenyewe, hata bila kamba, haina kazi kitandani. Mtoto mchanga hupoza mwili wake kwa kiasi kikubwa kupitia kichwa na uso. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wake wa 2022 kuhusu usingizi salama, kinashauri mtoto asivishwe kofia ndani ya nyumba baada ya saa za kwanza za kuzaliwa, kwa sababu ya hatari ya kupata joto kupita kiasi. Sisi tuko Mombasa. Wakati wa kaskazi joto hupita nyuzi joto 30, na usiku hewa inakuwa nzito hata mtu mzima analala na leso moja tu. Mjukuu wangu alipovishwa rompa hiyo, shingo na mgongo vilijaa harara.

Harara hiyo inanileta kwenye lebo, na hapa ndipo mmesema uongo. Juu ya boksi mmeandika kwa herufi kubwa kwamba nguo ni pamba tupu. Lebo ndogo iliyoshonewa ubavuni inasema poliesta 65 kwa mia na pamba 35. Ni ipi ya kuaminiwa? Nilichomoa uzi kwenye pindo nikauchoma, kama tunavyofanya mafundi tukitaka kujua kitambaa. Uzi wa pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi, na jivu lake hupeperuka. Wenu ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha punje nyeusi ngumu. Hiyo ni poliesta. Hainyonyi jasho kama pamba, na ikishika moto huyeyuka na kugandia ngozi. Pamba nayo huungua, na huungua haraka, ndiyo maana nguo ya kulalia ya mtoto hutakiwa imkae mwilini bila kupwaya. Zenu zinapwaya mikononi na kwenye miguu, wakati nyumba nyingi za huku stima ikipotea huwashwa mshumaa au koroboi.

Vifungo vya kubonyeza havina kasoro. Vimekazwa vizuri na havina nikeli inayoonekana kuchubuka. Hilo naliandika ili mjue sikukaa kutafuta makosa.

Kuna na ile picha ya boksi. Mtoto amelazwa kifudifudi juu ya mto, kofia kichwani, blanketi hadi mabegani. Kina mama kliniki hufundishwa kumlaza mtoto chali, juu ya godoro gumu lililo sawa, bila mto wala vitu laini karibu na uso. Mwanamke aliyejifungua mara ya kwanza anaiamini picha iliyo kwenye boksi la kampuni kubwa kuliko anavyoniamini mimi. Picha hiyo inamfundisha vibaya.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mteja haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, haki ya kupata maelezo yanayohitajika, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kulipwa fidia akidhurika kwa bidhaa mbovu. Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 nayo inakataza kumdanganya mteja kuhusu bidhaa. Kwa hivyo nataka seti hizi ziondolewe rafuni katika maduka yenu yote, na muwatangazie walionunua wazirudishe na kurejeshewa pesa, wawe na risiti au wasiwe nayo, kwa sababu nguo za watoto wengi hutolewa kama zawadi na risiti hubaki kwa mnunuzi. Nataka maneno ya boksi na ya lebo yalingane na kitambaa kilichomo, na picha ile ibadilishwe. Gharama ya kliniki ya mjukuu wangu ni yenu kulipa, na nimeambatisha nakala ya stakabadhi yake.

Rompa zote mbili ninazo, pamoja na kipande cha uzi nilichokitoa kwenye kidole. Sizirudishi dukani. Fundi wenu akitaka kuzikagua, aje nimwonyeshe. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitazipeleka KEBS, shirika la viwango la Kenya, na kuwasilisha malalamiko haya kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Wako mwaminifu,

Fundi wa nguo, nyanya wa mtoto
Mombasa