Anayeuliza habari za bahari apewe jibu zima

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi, walimu na yeyote anayeulizwa kwa nini maji ya bahari yana chumvi. Jibu la kawaida ni kwamba mito huitoa chumvi nchi kavu na kuimwaga baharini. Ni kweli, ila mdadisi atauliza papo hapo: mbona maji ya mto hayana chumvi? Hapo wengi wetu humwambia aache maswali mengi. Inaniuma, maana swali hilo la pili ndilo lenye utamu.

Mvua hunyonya hewa ya ukaa angani ikawa asidi hafifu. Maji yake yakipita kwenye miamba huyamumunya madini, na mto huyabeba yakiwa machache mno hata ulimi usiyatambue. Baharini jua hugeuza maji kuwa mvuke, mvuke ukapaa, madini yakabaki. Kazi hiyo ya mamilioni ya miaka, pamoja na yanayotoka kwenye volkeno na chemchemi za moto za sakafu ya bahari, ndiyo iliyofanya kila lita ya maji ya bahari iwe na gramu 35 hivi za chumvi. Kalsiamu nayo huletwa kwa wingi na mito, lakini chaza, konokono na matumbawe huichukua kujengea makombe na mifupa yao. Sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi ya kawaida, haina wateja kama hao, ndiyo maana hulimbikana.

Na swali hili limewahi kufika mbali sana. Mwaka 1715 mwanafalaki Edmond Halley alipendekeza kwamba tukipima jinsi chumvi inavyoongezeka majini, tutaweza kukisia umri wa dunia. Mwaka 1899 John Joly, mwanasayansi wa Ireland, alipiga hesabu hiyo kwa sodiamu akapata miaka kati ya milioni 80 na 90. Leo tunajua dunia ina takriban miaka bilioni 4.5. Joly alijua kujumlisha. Tatizo ni kwamba alichukulia sodiamu ikishaingia baharini karibu yote hubaki humo. Kumbe hutoka pia: nyingine hunaswa kwenye matope na miamba ya chini, nyingine huachwa kuwa matabaka mazito ya chumvi pale ghuba zinapokauka. Inayoingia na inayotoka hukaribiana, ndiyo maana bahari haizidi kukolea karne hadi karne.

Mtoto wa miaka kumi anaweza kuyafuata haya yote, mradi asikatizwe.

Kwa hiyo nakuomba, Mhariri, msomaji akiuliza habari za bahari, volkeno au matetemeko, gazeti lako lisiishie kwenye sentensi ya kwanza ya jibu. Na pale ambapo sayansi yenyewe bado inatafuta, liseme hivyo waziwazi. Kwa mfano, hadi leo hakuna njia ya kutaja siku na saa ambayo tetemeko litapiga. Anayeuliza ana haki ya kuambiwa hilo pia.

Msomaji wako