Kimeng'enya kinachozunguka

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema umekariri kwamba mitokondria ni kiwanda cha nishati cha seli, lakini hujui humo kiwandani nani anafanya kazi gani. Unauliza pia kwa nini mtu akikosa hewa dakika chache tu anazimia, ilhali mwili wake umejaa chakula. Maswali hayo mawili jibu lake ni moja: kimeng'enya kiitwacho sintasi ya ATP, yaani protini inayounda ATP, molekuli ambayo seli huivunja kupata nishati ya kazi zake.

Kimepachikwa kwenye utando wa ndani wa mitokondria. Chakula kinapovunjwavunjwa, elektroni zake hupokezanwa na mnyororo wa protini hadi zifike kwa oksijeni, na hapo hutokea maji. Wakati wa kupokezana huko, protoni, chembe ndogo zenye chaji chanya, husukumwa ng'ambo ya utando, zikarundikana kama maji ya bwawa. Mlango wao mkuu wa kurudi umo ndani ya kimeng'enya hiki, nazo zikipita hukizungusha. Nasema kukizungusha, wala sitanii. Mwaka 1997 watafiti wa Japani walifunga uzi mfupi unaong'aa kwenye mhimili wake, wakakipa ATP ili kiivunje, yaani kifanye kazi kinyumenyume, wakauona uzi ukizunguka chini ya hadubini. Jinsi ningependa kuwapo siku ile!

Kwa mamalia, gurudumu lake, yaani sehemu inayosukumwa na protoni na kuuzungusha mhimili, lina vipande 8, kwa hiyo protoni 8 hukamilisha mzunguko mmoja, na mzunguko mmoja hutoa ATP 3. Najua utadakia kwamba 8 haigawanyiki kwa 3. Ni kweli, ila baadhi ya sehemu za kimeng'enya hunyumbuka kidogo kama mpira, tofauti ikafidiwa.

Ninachokipenda zaidi ni hiki. ATP huundwa kwa kuunganisha ADP, yaani ATP iliyopungukiwa fosfeti moja, na fosfeti. Ungedhani nguvu zote hizo ni za kuunganisha viwili hivyo. Mwanabiokemia Mmarekani Paul Boyer alisema sivyo: vikishaingia kwenye mfuko wa kimeng'enya, viwili hivyo huungana karibu bila gharama. Kazi iko katika kuiachia ATP, maana mfuko huwa umeing'ang'ania. Mhimili ukizunguka ndipo mfuko unapolegea. Mifuko iko 3, na hupeana zamu: mmoja unapokea, mwingine unaunganisha, wa tatu unaachia. Mwaka 1994 mwanasayansi Mwingereza John Walker na wenzake walipoonyesha umbo la kimeng'enya, kila mfuko ulikutwa na sura yake, sawasawa na wazo la Boyer. Wawili hao walipata Nobel ya Kemia mwaka 1997, wakigawana na Jens Skou, ambaye yeye alituzwa kwa kimeng'enya kingine kabisa.

Sasa turudi kwa aliyezimia. ATP iliyomo mwilini kwa wakati wowote ni makumi ya gramu tu, lakini tunayoitumia kwa siku inakaribia uzito wetu wenyewe. Molekuli zilezile zinavunjwa na kuundwa upya mara mamia kwa siku. Oksijeni ikikosekana, elektroni hazina wa kuzipokea, protoni hazisukumwi, gurudumu linasimama. Misuli inaweza kujikimu kidogo kwa kuvunja glukosi bila oksijeni. Ubongo haukawii kushindwa.

Ukija likizo njoo na daftari, nikuchoree ile mifuko mitatu. Kwa maandishi matupu inachanganya.

Baba yako