Darasa limekufa na hakuna aliyewaambia wanafunzi

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Najua barua nyingi zinazokuja hapo ni za malalamiko, hii nayo ni hivyo hivyo, ila safari hii na mimi mwenyewe nimo kwenye wanaolalamikiwa.

Miaka minne nimekuwa najitolea kwenye madarasa ya jioni ya kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Hatukuwa na mfadhili wala ofisi, ni sisi tu, mchana kila mtu yuko kwenye shughuli zake, jioni unakuja umechoka unashika chaki. Mwaka huu mradi umekwisha. Sisemi umefungwa maana hakuna mtu aliyeufunga, wawili walipata kazi mbali, mwingine akajifungua, halafu mratibu wetu ambaye ndo alikuwa injini akaanza kutopokea simu. Baadaye ndo nikajua jamaa alikuwa hoi, funguo kwake, daftari la mahudhurio kwake, nywila kwake, kila kitu kwake, na sisi tulikuwa tunamsifia tu ana moyo wakati tungemsaidia kubeba. Grupu la WhatsApp likabaki la salamu za asubuhi na vichekesho, ukiona hivyo ujue kazi imekwisha.

Sasa kuna mama mmoja, umri wa bibi yangu kabisa, alikuwa ameshaweza kuandika jina lake na ya wajukuu wote na ameanza sentensi fupi fupi. Nikakutana naye njiani akaniuliza, mwalimu, Jumanne hii tupo? Kumbe wiki tatu zote alikuwa anakuja, anakuta mlango una kufuli, anakaa kidogo kwenye ngazi halafu anarudi, akidhani yeye ndo anakosea siku. Nilitamani ardhi inimeze.

Mi nasema mradi kufa si dhambi. Kule Marekani kulikuwa na COVID Tracking Project, mamia ya watu wa kujitolea walikuwa wanakusanya takwimu za korona jimbo kwa jimbo, wakaanza Machi 2020 na wakatoa takwimu za mwisho tarehe 7 Machi 2021. Walitangaza mapema kwamba wanaacha, wakaeleza kwa nini, kwamba hiyo kazi ni ya serikali na wakati wa serikali kuibeba umefika, na hata baada ya hapo hawakutawanyika siku hiyo hiyo, walikaa kwanza wakaweka kumbukumbu zao sawa ili atakayezihitaji azikute. Sisi tulishindwa hata kubandika karatasi mlangoni. Karatasi moja, Mhariri!

Umoja wa Mataifa tangu 1985 umeiweka tarehe 5 Desemba kuwa siku ya watu wa kujitolea, na 2026 nzima wameitangaza kuwa mwaka wao. Sawa, hotuba zitatolewa, vyeti vitagawiwa na fulana (fulana huwa hazikosekani), na wote watahimizwa kuanzisha. Mimi kwenye semina zote nilizowahi kukaa sijasikia mtu akiuliza, je siku mkichoka, nani atawaambia wale mnaowahudumia, vitabu vitaenda kwa nani, mwanafunzi aliyefika katikati mtamwelekeza darasa gani lingine?

Nimeshalipata lile daftari la mahudhurio na nazunguka kuwatafuta mmoja mmoja, kuna wengine wananisikiliza wananyamaza tu, afadhali wangenigombeza. Yule mama nilipomwambia rasmi kwamba darasa halipo tena alitoa daftari lake kwenye mkoba, akasema niandikie hapo hayo unayosema nisome mwenyewe. Nikaandika, darasa limefungwa. Akasoma taratibu na kidole chini ya kila silabi, alipomaliza akaniangalia akaniuliza, limefungwa na nani?

Ni mimi,
Mwalimu wa jioni wa zamani