Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wasindikaji Wadogo wa Morogoro, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, nitazipitia haraka. Tulishiriki maonesho ya wakulima ya Nanenane, tuliendesha mafunzo ya kupata nembo ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na tumepokea wanachama wapya 9. Vikundi vitatu vya akina mama vimepata mkopo usio na riba wa halmashauri, baada ya kurejeshwa kwa utaratibu wa halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, uliositishwa Aprili 2023. Barua zao za utambulisho niliziandika mimi mwenyewe na nikazifuatilia hadi zikapokelewa.

Mapato ya chama ni ada 2,460,000, michango ya Nanenane 3,150,000 na malipo ya kutumia mashine ya pamoja 6,840,000, jumla shilingi 12,450,000. Matumizi ni 11,900,000, salio 550,000. Mhazini anazo stakabadhi zote.

Sasa nije kwenye jambo lililosemwa sana pembeni kuliko ndani ya vikao, yaani uamuzi wa kamati tendaji wa mwezi Mei wa kukataa milioni 80 za mwekezaji aliyetaka asilimia 40 ya hisa za kampuni yetu ya kufungasha viungo na achari. Nimeitwa mwoga, nimeitwa mbinafsi. Naomba mnisikilize kwa hesabu.

Anayetoa milioni 80 apewe asilimia 40 anasema kampuni nzima, fedha yake ikiwamo, ina thamani ya milioni 200. Ondoa fedha yake: vyote tulivyojenga amevipa milioni 120. Kiwanja na mashine peke yake mthamini aliviweka milioni 155! Nembo ya TBS na wateja wetu havikuhesabiwa kabisa. Tena rasimu ya mkataba ilimpa haki ya kuchukua kwanza milioni 160, mara mbili ya alichoweka, siku kampuni ikiuzwa, ndipo sisi tugawane kitakachobaki. Wangapi kati ya mnaolalamika mliisoma rasimu hiyo? Ilikaa ofisini mwezi mzima.

Hata bei ingekuwa nzuri, ningeshauri vivyo hivyo. Tatizo letu halikuwa uchache wa mali, bali fedha iliyokwama. Maduka makubwa ya Dar es Salaam yanachukua mzigo leo na kulipa baada ya siku 60, ilhali mkulima wa Mkuyuni anayetuletea mdalasini na pilipili manga anataka fedha mkononi. Hilo ni pengo la miezi miwili, na dawa yake ni mkopo mfupi. Kuliziba kwa hisa ni kutoa umiliki wa maisha kwa shida ya siku 60.

Ndivyo tulivyofanya. Tulipeleka oda zetu benki, tukapata milioni 28 kwa dhamana ya oda hizo hizo, na tumerejesha zote kabla ya Desemba. Mnunuzi mmoja amekubali kutanguliza theluthi ya malipo. Hisa tulizowauzia wanachama zimeleta milioni 31. Mazungumzo ya benki niliyaongoza mimi, na nauli sikukidai chama. Mashine mpya ya kufungashia bado hatujainunua, ni kweli, lakini kampuni ni yetu yote.

Wapo waliotutajia NALA, kampuni ya kutuma fedha kwa simu ya Mtanzania mwenzetu Benjamin Fernandes, iliyopata dola milioni 40 za wawekezaji mwaka 2024. Tunampongeza. Lakini mfumo wa kutuma fedha kwa simu unaweza kuongeza maelfu ya wateja bila gharama kupanda kwa kiasi hicho, na mtaji wa aina hiyo unatafuta biashara za namna hiyo. Sisi kila tani ya achari inahitaji embe, chupa, kuni na mikono ya watu.

Na wanaosema nililinda kiti changu wajue kwamba rasimu ilinibakiza mwenyekiti, tena kwa posho. Niliikataa nikijua hivyo.

Kinachoniumiza zaidi ni wenzetu waliokimbilia kausha damu, yaani mikopo ya mitaani ya riba kubwa. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana. Hata ukomo huo ukiheshimiwa ni asilimia 42 kwa mwaka, na wasio na leseni wanatoza zaidi. Faida ya viungo haibebi riba hiyo. Njooni ofisini kabla ya kusaini, si baada ya friji kuchukuliwa.

Mahudhurio yanasikitisha. Tuko wanachama 112, akidi ni 56, na mkutano wa Agosti walikuja 47. Tukaahirisha, na chakula kilikuwa kimeshalipiwa. Ada ya 60,000 wamelipa 41 tu. Wanachama 71 wanadaiwa jumla ya 4,260,000. Benki ilipoomba daftari la wanachama hai niliona aibu kulikabidhi, kwa sababu mkopeshaji anapima kundi kwa nidhamu ya michango yake midogo. Kamati inapendekeza asiyelipa hadi mwisho wa Machi asitumie mashine ya pamoja.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kununua mashine ya kufungashia, kuzungumza na SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, kuhusu mkopo wa vifaa, na Mungu akijalia kutafuta soko nje ya nchi. Nawashukuru wajumbe wa kamati na wale 41.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti