Mpwa wangu, usirudie mtihani kwa hasira

Mpwa wangu,

Tangu majibu ya KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, yatoke hujaonekana barazani. Mama yako ameniambia umepangiwa kozi nyingine, udaktari umekukosa, na umeapa kurudia KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka huu huu. Nimeona nikuandikie hadharani kwa sababu hapa Lamu hauko peke yako.

Mwaka huu haiwezekani. Usajili wa KNEC, baraza la mitihani, kwa watahiniwa wa kibinafsi hufanywa mapema mwaka, na majibu ya KUCCPS hutoka katikati ya mwaka. Mtihani wa Novemba hii umekupita. Ulio karibu nawe ni wa Novemba mwakani, na nafasi ya chuo utaiomba mwaka unaofuata. Udaktari wenyewe ni miaka 6, kisha mwaka mzima wa mafunzo hospitalini. Sikwambii haya kukutisha. Nataka ujue una miezi ya kufikiri, uitumie.

Mimi sikuitumia. Nilipokosa, maneno ya watu yaliniuma, usajili ulipofunguliwa tu nikaandikisha jina. Nikafungua madaftari yale yale, nikakariri vilevile. Naikumbuka karatasi ya tatu ya Kemia, ile ya maabara: nimeshika bureti, ule mrija wa kudondoshea dawa tone kwa tone, mkono unatetemeka, tone moja likazidi, na maji yaliyotakiwa kuwa waridi hafifu yakakoza ghafla. Tangu mtihani wa kwanza sikuwa nimeigusa bureti tena. Mwaka mzima nilikuwa nasomea kitandani. Gredi ikarudi ile ile.

Wewe umeniambia shida ni Kemia tu. Sikubaliani nawe. Kwa udaktari wanatazama Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Lakini alama za masomo hayo manne huchanganywa na jumla ya masomo yako saba, ambayo ukomo wake ni pointi 84. Historia uliyoipuuza nayo ilikuvuta chini. Na mpaka wa kuingia haukuwekwa mahali pamoja: hufuata alama za yule wa mwisho aliyepata nafasi mwaka huo. Basi usilenge kupita kwa nywele.

Kozi uliyopangiwa, usiikatae wiki hii. Kuhamia udaktari ukiwa ndani hutegemea alama zile zile, kwa hiyo usiingie kwa matumaini hayo. Ingia ikiwa unaipenda. Njia niliyoshika mimi, stashahada ya tiba pale KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, nayo ni miaka 3 na mwaka wa mafunzo. Wako matabibu, ngazi iliyo chini ya daktari, waliotoka hapo wakaenda kusomea udaktari, ingawa mara nyingi kwa kujilipia. Sioni haya kuwa tabibu, na sitaki ukaione njia hii kama adhabu.

Ila nakujua. Nakumbuka usiku tuliomtoa bibi yako kisiwani Pate, maji yametoka, chombo kimekaa mchangani, sote tunangoja yajae. Ulikuwa darasa la sita. Ulimshika mkono, ukawa unahesabu mapigo yake kwa sauti ya chini, na kila ukifika sitini unaanza upya. Hakuna aliyekufundisha. Kwa ajili ya usiku ule sitakwambia uache kuomba.

Nitakwambia tu lini. Kuanzia sasa hadi Disemba, soma na mwalimu, si peke yako, na utafute shule itakayokubali uingie maabara yao. Nitazungumza na mwalimu mmoja ninayemjua, karo yake niachie mimi. Disemba ikifika, keti na karatasi ya kwanza ya Kemia ambayo hujawahi kuiona, kwa saa zake 2, bila daftari, nami nikiwa mbele yako. Ukiona umesogea kweli, Januari tutakwenda pamoja kuulizia usajili. Ukiona bado, tungoje mwaka mwingine, na majirani waseme watakayo. Utakuwa na miaka 20. Wodini nimefanya kazi na madaktari walioanza chuo wakubwa kuliko hapo, na hakuna mgonjwa aliyewauliza.

Jumamosi baada ya alasiri nitakuwa nyumbani. Njoo na karatasi ya matokeo, ile yenye gredi zote, pamoja na zile usizotaka mama yako azione.

Mjomba wako